Wawili Kwenye Benchi Moja

Kisa hiki kimetungwa kwa ajili ya kufundishia, kwa hiyo asitafutwe mtu ndani yake. Hospitali haina jina, wagonjwa hawana majina, na tabibu aliyekosea anaweza kuwa tabibu yeyote. Pa kweli ni mahali tu: ukanda wa barabara kuu ya Thika kuanzia Ruiru, penye magorofa ya kupangisha yaliyoota juu ya mashamba ya kahawa, hadi Thika yenyewe, mji wa viwanda unaopakana na mananasi. Wakati ni kabla ya Januari 2025. Tarehe hiyo ina sababu yake, tutaifikia.

Siku ni Alhamisi, tarehe 27 ya mwezi. Kliniki ya afya ya akili ina chumba kimoja, afisa wa kliniki mmoja ambaye kila mtu humwita daktari, muuguzi mmoja ambaye kila mtu humwita sista, na nje benchi lililojaa. Wengi wamefuata dawa zao za mwezi: wenye kifafa, ambao katika hospitali zetu nyingi huhudumiwa kliniki hiyohiyo, wenye skizofrenia wanaosubiri sindano, mama mmoja na kijana wake asiyesema na mtu. Foleni inasonga vizuri hadi saa nne, Probox moja inapoingia mpaka karibu na mlango.

Ndani ya gari mna mwanamume wa miaka hamsini na kitu, mikono imefungwa kwa kamba. Anatetemeka, jasho linamtiririka, anakung'uta miguu huku akipiga kelele kwamba siafu wanampanda. Ndugu zake wanamshusha kwa taabu. Mmoja anasema amerogwa. Mwingine anasema ni bangi. Mzee wa kanisa aliyekuja nao anaeleza kwamba wamekuwa wakimwombea tangu Jumatatu, huko Kimbo, na badala ya kupoa ndiyo kwanza amezidi. Wanamketisha kwenye benchi, na mtu aliyekuwa ameketi pale anasogea kumpisha bila kusema neno.

Huyo aliyesogea ana miaka thelathini na minane. Amevaa shati safi ambalo kaka yake mkubwa amemletea, na mkononi ana karatasi za kuruhusiwa kutoka wodi ya wanaume, alikolala siku mbili kwa sababu ya kitu alichokunywa. Faili linasema "ajali ya nyumbani". Maneno hayo ni ya kaka. Daktari wa wodi hakuridhika nayo, ndiyo maana akaagiza mgonjwa apitie kliniki hii kabla ya kwenda nyumbani.

Tabibu wetu si mvivu wala si mtu wa dharau. Ningependa hilo lieleweke mapema, kwa sababu visa vya namna hii hupoteza faida yake mara tu msomaji anapompata mbaya wa kumlaumu. Alifanya kile ambacho wengi wangefanya. Alimshughulikia kwanza mwenye kelele. Alimwita sista na askari wa hospitali, akamchoma mgonjwa sindano ya kumtuliza, akaagiza afungwe kitandani, akaandika: "Saikosisi kali. Hatari kubwa kwa wengine." Joto la mwili halikupimwa, maana nani angemshika? Sukari haikupimwa. Na hakuna aliyeuliza mtu huyu alikunywa pombe lini kwa mara ya mwisho.

Kisha akamwita yule mkimya. Kaka akaingia naye. Mlango ulibaki wazi, askari bado amesimama pale.

"Umelala vizuri wodini?"

"Vizuri, daktari."

"Hii kitu uliyokunywa, ilikuwa bahati mbaya?"

"Ilikuwa bahati mbaya," akajibu kaka. "Chupa zilifanana."

"Una mawazo yoyote ya kujidhuru?"

Mtu yule alimtazama kaka yake, akautazama mlango.

"La, daktari. Niko sawa tu."

Kwenye fomu kuna visanduku vitatu: hatari ndogo, ya kati, kubwa. Tabibu akatia alama kwenye cha kwanza, akaandika dawa ya kumsaidia kulala, ya mwezi mzima ili asirudi kusumbuka na nauli, na akampa tarehe ya mwezi ujao. Ilikuwa huruma. Wote wawili, kaka na mgonjwa, walishukuru.

Usiku ule mwenye kelele alipata degedege. Muuguzi wa zamu alipima sukari akaikuta iko chini, akapima joto, kisha akamwuliza mke wa mgonjwa, aliyekuwa amekuja na uji kwenye chupa ya chai, swali moja ambalo mchana kutwa halikuulizwa. Mama alijibu bila kusita: alikunywa Jumapili usiku, Jumatatu asubuhi wakamchukua kumwombea aache, na tangu hapo hajaonja hata tone. Kabla ya hapo alikuwa akinywa kila siku ya Mungu, miaka kumi na zaidi. Kwa hiyo hapakuwa na saikosisi. Ulikuwa mwili uliokatiwa pombe ghafla. Siku chache za kwanza ndizo ambazo mtu wa namna hiyo hutetemeka, huchanganyikiwa, huona wadudu na hupata degedege, na asipotibiwa anaweza kufa. Sindano aliyochomwa mchana ni ya aina inayoweza kurahisisha degedege hiyo. Alihamishiwa wodi ya magonjwa ya mwili, akapewa diazepamu na vitamini B1 kabla ya maji ya sukari, na kufikia Jumapili alikuwa anauliza ni nani aliyemtia alama za kamba mikononi.

Yule mkimya alirudishwa tarehe 6 ya mwezi uliofuata. Walimleta majirani, akiwa hajitambui. Aliishi. Alikaa wodini muda mrefu, akatoka akitembea kwa miguu yake mwenyewe, na hilo si jambo dogo. Lakini hakuna mtu katika hospitali ile aliyeweza kusema kwamba aliishi kwa sababu ya kazi yao.

Tabibu aliwapima wagonjwa wawili, akakosea kwa wote wawili, na kosa lilikuwa moja. Aliyepiga kelele alihesabiwa kuwa mgonjwa wa akili na hatari. Aliyenyamaza alihesabiwa kuwa nafuu. Kelele ndiyo iliyoshika kalamu.

Kosa hili lina umri mrefu katika nchi yetu, na limewahi kuvaa koti la sayansi. Hospitali ya Mathari, ambayo mtu wa Thika huipita karibu na Muthaiga akielekea Nairobi, ilianza mwaka 1901 kama kambi ya kuwatenga wenye ndui, ikafanywa hospitali ya wagonjwa wa akili mwaka 1910. Kuanzia 1938 iliongozwa na daktari Mwingereza, J. C. Carothers, ambaye alipopewa kazi hiyo hakuwa amesomea tiba ya akili. Alihesabu Waafrika waliolazwa pale, akaona kwamba wenye huzuni ya kiugonjwa, ile tuitayo sonona, walikuwa wachache mno. Badala ya kujiuliza ni nani anayeletwa Mathari na ni nani anayebaki nyumbani, alihitimisha kwamba Mwafrika ni nadra kupatwa na ugonjwa huo, kwa sababu ya namna akili yake ilivyo. Kitabu chake kilichapishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ikachapisha maoni yake juu ya Mau Mau, wakati Wakikuyu wa Thika na kwingineko walikuwa wakikamatwa na kuzungushiwa waya. Unaweza kuona mahesabu yalivyokwenda. Aliyefikishwa Mathari zama hizo ni yule aliyepiga mtu, aliyezunguka sokoni uchi, aliyemshinda chifu. Mama aliyekaa nyuma ya nyumba miezi mitatu bila kula wala kulia hakuletwa na mtu, na kwa kuwa hakuletwa, ikasemekana hayupo.

Ilibidi watafiti waende vijijini ndipo aonekane. John Orley na John Wing walichapisha mwaka 1979 uchunguzi wao wa vijiji viwili vya Uganda: waliwauliza watu majumbani mwao, kwa maswali yaleyale yaliyotumika London, na sonona waliyoikuta huko ilizidi ya London.

Tumemcheka Carothers sana, na anastahili. Lakini foleni zetu bado huendeshwa kwa kanuni yake. Mei 2013 wagonjwa 40 walipotoroka Mathari, nchi ilishtuka kana kwamba chui wametoka zizini, ingawa mtu mwenye ugonjwa wa akili ana uwezekano mkubwa zaidi wa kudhulumiwa na wenzake kuliko kuwadhulumu. Neno hatari likitajwa kwenye kliniki ya akili, wengi wetu hufikiria panga. Ni wachache wanaomfikiria mtu aliyevaa shati safi.

Turudi kwa mwenye kelele, maana somo lake ni fupi. Kumpima mtu akili kuna utaratibu unaofundishwa katika kila chuo cha utabibu, KMTC Thika ikiwemo: tazama sura na mavazi, sikiliza usemi, uliza hali ya moyo, mkondo wa fikra, anachoona na kusikia, kumbukumbu, na kama anajijua yuko wapi na leo ni siku gani. Hayo mawili ya mwisho ndiyo yanayorukwa mgonjwa akiwa mkali, nayo ndiyo yenye thamani kubwa zaidi hapo. Mwenye skizofrenia akiwa katika hali mbaya kabisa, mara nyingi atakwambia yuko hospitali, leo ni Alhamisi, na wewe ndiwe umetumwa kumuua. Ambaye hajui kama ni mchana au usiku, anayeshika vitu visivyoonekana, ambaye hali yake inabadilika saa hadi saa, huyo mtafutie kwanza ugonjwa wa mwili: malaria, homa ya uti wa mgongo, sukari, jeraha la kichwa, pombe. Kusikia sauti na kuona wadudu ni mambo mawili tofauti, na la pili mara nyingi hutokea mwilini. Kipimo cha sukari ni tone moja la damu. Hata mtu aliyefungwa kamba ana kidole.

Lakini somo zito liko kwa yule aliyesema "La".

Hebu tulitazame jibu hilo lilivyotolewa. Mbele yake alikuwa kaka mkubwa, aliyelipa gharama za wodi na aliyekwisha kumtungia hadithi ya chupa zilizofanana. Nyuma yake alikuwa mtu mwenye sare. Na juu yao wote palikuwa na sheria. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilisema kujaribu kujiua ni kosa la jinai, na adhabu yake ilifika kifungo cha miaka miwili. Wafungwa wa kifungu hicho hawakuwa wengi, lakini kazi yake kubwa haikufanyika kortini. Ilifanyika kwenye vyumba kama kile. Familia zilijua kwamba daktari akiandika ukweli kwenye faili, polisi wanaweza kuja kuandikisha OB, kitabu chao cha matukio, na mgonjwa akafungwa pingu kitandani. Kwa hiyo zilikuja na ajali. Chupa zilifanana, aliteleza, alichanganya dawa. Kaka yule hakuwa mwongo wa tabia. Alikuwa anamkinga ndugu yake dhidi ya serikali kwa silaha pekee aliyokuwa nayo. Tabibu naye alilijua hilo, na nusu ya nafsi yake ilishukuru kupewa neno ajali, kwa sababu lilimwondolea kazi na lawama.

Tarehe 9 Januari 2025 Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alikitangaza kifungu hicho kuwa kinyume cha Katiba, katika kesi iliyofikishwa na Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu pamoja na chama cha madaktari wa akili na mwanaharakati Charity Muturi. Tangu siku hiyo tabibu anaweza kumwambia mgonjwa jambo ambalo zamani angekuwa anamdanganya: ukiniambia, hakuna atakayekushtaki. Ninaongeza tu kwamba hukumu iliyotolewa Milimani, Nairobi, haifiki mtaa kama Gatong'ora kwa siku moja. Kaka wengi bado watakuja na chupa zilizofanana, na askari wengi bado hawajasikia. Anayeuliza inabidi aseme hayo kwa mdomo wake kabla ya kuuliza, tena mlango ukiwa umefungwa.

Sasa kisanduku. Tuseme tabibu angepata muda zaidi, akauliza vizuri zaidi, akajumlisha alama. Je, kisanduku kingejua zaidi? Mwaka 2017 timu ya mtafiti Joseph Franklin ilikusanya tafiti 365 za miaka hamsini zilizojaribu kubashiri nani atajaribu kujiua. Ilikuta kwamba dalili zote tulizozizoea, moja moja, hubashiri vizuri zaidi kidogo tu kuliko kurusha sarafu. Mwaka 2022 taasisi ya NICE ya Uingereza, ambayo miongozo yake husomwa hadi kwetu, iliwaagiza watoa huduma waache kutumia mizani na alama kubashiri kujiua, na waache pia kuwagawa watu katika makundi ya hatari ndogo, ya kati na kubwa ili kuamua nani apewe matibabu. Wengi wanaokufa, ukifungua mafaili yao, hukutwa wamewahi kuwekwa kwenye kisanduku cha kwanza, na sababu yake ni rahisi: ndimo wanamowekwa watu wengi.

Hii haina maana kwamba tusiulize. Maana yake ni kwamba tunauliza kwa nia isiyo sahihi. Simama kwenye hoteli ya Blue Post, mto Chania unapoporomoka kando yake. Maji ya leo asubuhi hayakwambii chochote kuhusu ya kesho jioni kama hujui mvua ilivyonyesha huko juu Nyandarua. Tabibu alipima kina cha mto tarehe 27 akakiandika kama sifa ya mto. Alichopaswa kuuliza ni mvua: nini kinakuja, kutoka wapi, siku gani, na maji yakipanda mtu huyu atashika nini.

Hayo yalikuja kuulizwa na sista, wiki ya pili ya safari ya pili ya wodini. Alimtuma kaka kununua maziwa. Alivuta kiti, akaketi upande wa kitanda badala ya kusimama miguuni. Hakuanza na kifo. Alianza na kazi.

"Baba, unafanya kazi wapi?"

"Nilikuwa nafanya, sista. Kiwanda kimoja hapo Thika. Sisi wa kibarua tulisimamishwa mwezi wa tatu."

"Na nyumba?"

"Nyumba iko Ruiru. Si unajua vile kodi iko. Ikifika tarehe tano keateka anakuja na kufuli."

Tarehe tano. Alirudishwa hospitali tarehe sita.

Akaendelea taratibu. Mke yuko wapi? Yuko kwao Murang'a na watoto, tangu wagombane. Deni? Hapo mtu alinyamaza, kisha akatoa yote kwa pumzi moja: mikopo ya simu, programu tatu, akikopa huku kulipa kule, na kampuni moja ilikuwa imeanza kuwapigia watu walio kwenye simu yake, mchungaji, mwalimu wa mtoto, hata msimamizi wake wa zamani, ikiwaambia huyu ni mwizi. Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 zimekataza tabia hiyo, na kuna pa kushtaki. Hakuwa anajua. Hata tabibu hakuwa anajua, na sioni kwa nini asijue, kwa kuwa deni la simu leo limo katika mashauri mengi ya kliniki ya akili kama malaria ilivyomo katika ya kawaida.

Kisha sista akashuka ngazi moja moja. "Watu wakibanwa hivi, kuna wanaolala wakiomba wasiamke. Wewe imewahi kukufikia?" Imenifikia. "Kuomba tu, ama ulifikiria kufanya kitu?" Nilifikiria. "Ile ya kwanza, kabla hujaletwa hapa mara ya kwanza, ulikuwa umepanga?" Nilikuwa nimempa jirani zana zangu za ufundi. Nilimpa mke namba ya siri ya M-Pesa. "Na siku ile ulipoketi kwa daktari ukasema uko sawa?" Sista, siku hiyo nilikuwa nimetulia kweli. Nilikuwa nimeamua.

Wapo wanaoogopa kuuliza hivi wakidhani watampandikizia mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Utafiti umeipima hofu hiyo mara nyingi, na haujaiunga mkono. Wengi hupata ahueni. Kuna mtu hatimaye amelitaja jambo lililokuwa likiwala peke yao. Kinachodhuru ni kuuliza kwa namna inayoomba jibu la "La": "Huna mawazo mabaya, ama?" Hilo si swali, ni kuaga.

Sista aliuliza pia nini kilimzuia kwa siku zile tisa. Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, na halimo kwenye fomu. Alijibu kwamba binti yake wa darasa la sita humpigia kila Jumapili saa moja jioni kumsomea insha aliyoandika shuleni. Jumapili ile ya katikati alipiga. Iliyofuata ilikuwa bado haijafika.

Nambari ya mke ilikuwa kwenye faili, ukurasa wa kwanza kabisa, mahali paandikwapo jamaa wa karibu. Sista alimwomba mgonjwa ruhusa, akampigia. Mke alisema alikuwa amepokea ujumbe wa ajabu wa kuaga tangu wiki ile ya kwanza, akamwuliza shemeji yake, naye akamwambia ni ajali tu, asiwe na wasiwasi. Huyo shahidi wa pili, mbali na kaka, alikuwa kwenye simu, umbali wa dakika tatu za muda wa maongezi.

Mpango walioutengeneza haukuwa na kitu cha kitaalamu sana. Wamarekani wawili, Barbara Stanley na Gregory Brown, waliuandikia utaratibu wake miaka mingi iliyopita, na unaenea kwenye karatasi moja: dalili zangu ninapoanza kuzama ni zipi, mimi mwenyewe naweza kufanya nini, naenda kukaa wapi penye watu, nampigia nani, na vitu vya kudhuru viko wapi, nani atavihifadhi. Walijaza kwa lugha yake. Dalili: nikianza kuzima simu. Pa kwenda: kwa fundi wa baiskeli pale steji, ambaye haulizi maswali. Wa kupigia: mke, kisha kaka, kisha 1199 ya Msalaba Mwekundu, ambayo hailipishwi. Dawa atazishika dada yake anayeishi Juja, na atampa za wiki moja moja. Sista alihakikisha pia zinaandikwa hivyo, wiki moja moja, nauli au bila nauli. Dawa za kunyunyizia shambani zilizokuwa stoo zilirudishwa kwa mwenye shamba. Kaka aliporudi na maziwa alielezwa mbele ya mgonjwa kwamba hakuna polisi atakayeitwa, na hapo ndipo kaka yule, aliyekuwa amesimama wima siku zote hizo, alipoomba kiti.

Siku za kliniki ni Alhamisi. Mgonjwa akasema Alhamisi ndiyo siku anayopata kibarua cha kupakua mizigo sokoni Makongeni, na akikosa kibarua amekosa kodi, na akikosa kodi tunarudi palepale. Sista akamwandikia Jumanne, siku isiyo na kliniki, amwone yeye mwenyewe kabla ya zamu.

Ikabaki fomu. Sista aliruka visanduku vitatu. Chini yake, penye mistari miwili ya "maelezo mengine", aliandika kwa herufi ndogo: "Anazama kati ya tarehe 1 na 6 kila mwezi. Apigiwe simu tarehe 3. Dawa kwa dada, za wiki. Binti hupiga Jumapili saa 1 jioni. Jumapili asipopiga, apigiwe baba. Anarudi Jumanne." Faili lilirudishwa kutoka ofisi ya kumbukumbu siku iliyofuata, na kikaratasi juu yake: fomu haijakamilika, tafadhali jaza kiwango cha hatari. Sista akatia alama kwenye cha kati, akalirudisha, kisha akaitoa simu yake ya mkononi na kuweka kengele ya tarehe 3.